Sikio la Mpika Chuma

Nyumbani kwa Olinto Centazzo hakuna mlango unaofungwa. Si wa mbele, si wa jikoni, si wa chumba cha kulala, na hata wa msalani huachwa wazi kiasi cha mkono kupita. Marehemu mkewe, Irma, alikuwa akiwaambia wageni, "Kaeni tu, mtazoea. Hapa kwetu hata aibu haina pa kujificha." Wageni walicheka, na Olinto akacheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa cha meno tu. Macho yalibaki mlangoni.

Maana mlango ukifungwa, yeye husikia. Husikia mtu wa upande wa pili akichokonoa komeo kwa ncha ya chuma, krr, krr, bila haraka, kama panya mwenye subira. Kisha kitu hukatika, ti, na baada ya hapo kimya. Akifungua hakuna mtu. Basi akaona heri kuishi na upepo kuliko kuishi na huyo mwenye subira, na kila msimu wa baridi kuni zake huisha kabla ya za jirani.

Sasa, Maniago ni mji wa visu. Umekaa chini ya milima, na watu wake wamekula kwa visu tangu babu za mababu. Mtoto wa pale ukimuuliza baba yako anafanya kazi gani, hakwambii anatengeneza visu, maana hiyo ni sawa na kusema baba yangu ni mtu. Atakwambia ni wa gurudumu, yaani mnoaji, au ni wa mipini, au ni wa kung'arisha. Olinto alikuwa wa moto. Alipika chuma.

Kazi ya kupika chuma ni hivi. Bapa la kisu hutiwa tanurini mpaka liwe jekundu kama cheri iliyoiva, halafu huzamishwa kwenye mafuta, tshaa! Likitoka hapo ni gumu kama kioo, na lina hasira kama kioo. Kwa hiyo hulirudishi kwa wenzake hivyo hivyo. Unalitia kwenye tanuri la pili, lenye moto mpole, saa mbili, litulie. Wazee wa pale walisema unalilaza. Bapa lililolala hupinda kidogo likielemewa, kisha hujirudi. Bapa lisilolala ni zuri tu kwa macho. Siku utakayoliegemea, litakatika bila kukuaga.

Olinto alisifiwa kwa sikio. Alilishika bapa kwa vidole viwili, akalipiga kwa ukucha, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Hili limelala." Au, "Hili bado." Mafundi kutoka karakana nyingine walikuja kumwona akifanya vile, wakarudi wakitikisa vichwa. Ukweli wenyewe, ambao yeye peke yake aliujua, ni kwamba hakuwahi kulihitaji sikio hilo. Alikuwa mtu mwangalifu. Trei za vilivyolala alizipanga kulia na za visivyolala kushoto, na hazikuwahi kuchanganyika hata siku moja. Alipopiga ukucha alikuwa anasema analolijua tayari.

Halafu ikaja Mei ya mwaka sabini na sita, na ardhi ya Friuli, mkoa wa Maniago, ikatikisika.

Jioni ile karakana ilikuwa na kazi ya visu arobaini vya wapiga mbizi wa jeshi, visu vya mgongo mnene, ncha kama mdomo wa kunguru. Trei tatu zilikuwa zimeshalala. Moja ilikuwa imetoka kwenye mafuta inangoja. Asubuhi waliporudi walikuta zote nne sakafuni, bapa juu ya bapa, zimefunikwa vumbi lile lile la chokaa. Tanuri la pili lilikuwa na ufa ambao ungeingiza mkono wa mtu mzima, na kulitengeneza kungechukua wiki. Mwenye karakana alikuwa na macho mekundu. Nyumba yake nusu ilikuwa chini. Akasema mbele ya watu wote, "Olinto, jeshi linangoja. Wewe una sikio. Tenganisha."

Ukutani, karibu na kichwa cha Olinto, ilining'inia tupa. Tupa ni shahidi asiyependelea mtu. Ukiipitisha kwenye chuma kilicholala, inauma kidogo. Ukiipitisha kwenye kisicholala, inateleza kama ukucha kwenye sahani. Dakika kumi tu, na kazi ingekwisha. Lakini watu ishirini walikuwa wamesimama wanamtazama, wengine wamepoteza ndugu, wanataka kuona kitu kimoja ambacho bado kiko kama kilivyokuwa jana. Mtu wa sikio ashike tupa mbele yao?

Hakuishika. Akaokota bapa la kwanza, akalipiga ukucha, akainamisha kichwa. Ndani ya masikio yake hamkuwa na kitu ila ule mngurumo wa usiku, haujaondoka bado. "Limelala," akasema. Akaokota la pili. Akaendelea hivyo mpaka la arobaini, anasema limelala, anasema bado, kama mtu anayesoma barua asiyoiona. Yale aliyoyaita bado yakawekwa kando mpaka tanuri lipone. Yale aliyoyaita yamelala yakaenda kwa Ermes Tramontin.

Ermes alikuwa wa gurudumu, na alikuwa rafiki yake. Walikula pamoja mchana, polenta, yaani ugali wa mahindi, ya jana iliyochomwa, kila mmoja na kipande cha jibini, na Ermes akimtania kwamba sikio lake lingefaa kupelekwa kanisani likasikilize maungamo. Kiangazi kile watu waliishi kwenye mahema. Hakuna aliyemtembelea mwenzake kunywa divai, kila mmoja akihesabu mawe ya nyumba yake.

Mwezi wa tisa ardhi ikarudia kutikisika. Asubuhi hiyo Ermes alikuwa kijijini juu, akimsaidia mjane mmoja kutoa vyombo kwenye nyumba yenye nyufa. Ukuta ukasogea, mlango ukabana, dari likafuata. Walimkuta nyuma ya ule mlango. Ncha ya kisu ilikuwa imebaki kwenye komeo, na mpini ulikuwa mkononi mwake. Askari akauleta mpini karakana kuuliza ni wa nani, maana aliona ni kisu cha jeshi. Olinto akautazama mkato. Ulikuwa safi, wa kijivu, haukupinda hata unywele.

Mazishini alisimama nyuma kabisa. Baada ya hapo hakukanyaga tena nyumbani kwa Ermes. Akimwona Anselma, mjane wake, anakuja barabarani, alivuka akaenda upande wa pili. Miaka thelathini na sita alivuka barabara.

Na dunia ina mizaha yake. Visu vile vilizeeka vikapata jina. Walioacha jeshi waliviuza, walionunua waliviuza tena kwa bei kubwa zaidi, na watu wa makabati ya vioo wakaanza kuviita Visu vya Tetemeko. Wakasema aliyevipika alivichagua kimoja kimoja kwa sikio, kati ya vifusi. Kila mwaka wakati wa maonyesho ya visu mtu fulani alimletea Olinto kimoja akipige ukucha, na kila mwaka Olinto alikuwa na udhuru: mafua, kiuno, ukucha umevunjika.

Mwaka ninaousema, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mchana, na baa ya Sisto nyuma ya soko ilijaa. Olinto alikuwa kwenye meza ya pembeni, karibu na mlango, na glasi yake ndogo ya divai nyeupe. Alikuwa na miaka sabini na minne. Mezani walikuwa watatu wengine. Duilio, mng'arishaji mstaafu, mtu wa ulimi kuliko meno. Moreno, kijana wa miaka arobaini anayeuza visu vya kisasa kwenye kibanda cha maonyesho, kavaa suruali ya mifuko mingi kama anayekwenda vitani. Na Fulgenzio, tajiri wa Brescia mwenye cheo cha heshima cha Cavaliere na visu mia nne kabatini, asiyejimenyea hata tufaha.

Moreno alikuwa ameweka kisu mezani. Cheusi tii, cha kukunja, mpini wa titani.

"Chuma cha unga," akasema. "Kimesagwa, kikashindiliwa upya. Makali yanakaa mara tano ya chuma chenu cha zamani. Euro mia saba na hamsini, na kwa hapo nawaonea huruma."

"Kwa bei hiyo," Duilio akasema, "kinifulie na suruali."

"Mzee, hiki ni kisu cha mapambano."

"Mapambano na nani? Na mkeo?"

Meza ikacheka. Moreno akakifungua kwa kidole gumba, tak. "Cheka tu. Hiki kinapita kwenye mlango wa gari."

"Na wewe umekipitisha mlango gani leo?"

"Leo… leo nimefungulia bahasha."

"Bahasha! Santa Maria! Na bahasha ikajisalimisha?"

Fulgenzio akainua mkono wenye pete, kama askofu anayetuliza waumini. "Mabwana, mnagombania makali. Makali mtu yeyote anatia. Kinachofanya kisu kiwe na thamani ni hadithi yake. Mimi nina vitatu vya Tetemeko. Sitavitumia kamwe. Lakini nikifungua kabati, nywele zinanisimama."

"Hadithi haikati salami, Cavaliere," Duilio akamjibu. "Mimi nimeng'arisha visu miaka arobaini na mbili. Kisu kizuri ni kile ambacho ukikitumia unafikiria nyama, hufikirii kisu."

"Hilo ni neno la mtu asiye na hela," akasema Moreno.

"Ni neno la mtu mwenye nyama, mwanangu."

Olinto alikuwa anakula frico yake, viazi na jibini iliyokaangwa mpaka ukingo umekauka, anaikata kwa uma.

Ndipo Nives akaingia. Nives Tramontin, binti wa Ermes, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipokufa. Sasa ni mama mtu mzima, mpana wa mabega, mikono ya muuguzi. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Akakiweka katikati ya meza, juu ya makombo ya mkate, akafunua.

Mgongo mnene, ncha ya kunguru. Hakikuwa na hata mkwaruzo mmoja.

Fulgenzio akasimama. Kiti chake kikaanguka. "Umekitoa wapi?"

"Sandukuni kwa mama, chini ya mashuka. Cha baba. Mwanangu Loris amepita mtihani, amechukuliwa na waokoaji wa mlimani, anaanza Jumatatu. Nataka avae kitu cha babu yake. Nimekuja kuuliza, mimi si mtu wa visu: kinafaa kazi, au ni cha kuangalia tu?"

"Elfu tatu," akasema Fulgenzio.

"Sikuuliza bei."

"Signora, kisu kama hiki kumpa kijana akichokolee barafu ni sawa na kusukumia chapati fimbo ya askofu…"

"Msikilize huyo!" Duilio akamkata. "Dada, mpe mwanao. Hicho ukijining'iniza nacho juu ya bonde unaweza kulala usingizi. Sisi ndio tuliokitengeneza."

Moreno akatikisa kichwa. "Kwa heshima ya marehemu, lakini chuma kile kina kutu moyoni. Nipe mia sita, nimpe Loris hiki cheusi. Kazi ya uokoaji si makumbusho."

"Wewe bahasha, nyamaza."

"Wewe mng'arishaji, umepitwa na wakati!"

Wakaanza tena, unga na titani na mikono ya wazee, hadithi na salami, kila mmoja anapiga meza. Mpaka Duilio akasema, "Jamani, tunapiga kelele za nini na mwenyewe kakaa hapa? Olinto! Piga ukucha, utukate ulimi."

Sisto akaacha kufuta glasi. Nives akakisukuma kisu mpaka mbele ya sahani ya frico.

"Mzee Olinto," akasema, kwa upole, kama mtu anayemsemesha jamaa aliyepotea. "Mama alinisimulia baba alivyokuwa akilitania sikio lako. Ukisema kizuri, Loris atakivaa Jumatatu. Ukisema kibaya, kinarudi kwenye mashuka. Neno lako linanitosha."

Olinto akakitazama. Alijua sasa kwamba Ermes alikuwa na viwili. Cha kwanza alikiona kimekatika. Hiki cha pili kilikuwa ama kimelala, ama hakijalala, na kati ya mambo hayo mawili alisimama mtoto wa mtoto wa Ermes, juu ya kamba. Angeweza kusema kibaya, akaishia hapo. Kingerudi sandukuni, Fulgenzio angekinunua kesho, na jina la Olinto lingebaki kama lilivyo. Nyuma yake mtu aliyekuwa akitoka akausukuma mlango wa baa, ukajifunga. Krr, akasikia. Krr.

"Sisto," akasema, "una tupa?"

Duilio akacheka. "Tupa ya nini? Sikio limeingia nta?"

"Sisto, nimekuuliza."

Sisto akaenda stoo nyuma ya baa, akarudi na tupa ya kutengenezea misumeno. Olinto akakishika kisu, akaiweka tupa kwenye mgongo wake, akaivuta. Tupa ikateleza. Akaivuta tena, kwa nguvu, mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Ikateleza, na chuma hakikuachia hata vumbi.

"Tupa yako imeisha meno," akasema Fulgenzio.

"Haijaisha," akasema Duilio, na safari hii hakucheka. Alikuwa ameelewa. Alikuwa mtu wa Maniago.

Olinto akamgeukia Nives. "Nikikivunja, mwanangu, utakasirika?"

"Ukivunje kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sina sikio. Sijawahi kuwa nalo. Asubuhi ile baada ya tetemeko trei zilichanganyika, nikaogopa kushika tupa mbele za watu. Nikabahatisha. Arobaini, kimoja kimoja, nilibahatisha. Cha baba yako kilikatika mlangoni kwa sababu hakikulala, nami niliuona mkato na nikanyamaza. Sasa nataka uone kwa macho yako, usije ukaambiwa na mtu kwamba Olinto amezeeka akili."

Nives aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumkanusha. Hakukuwa na hata mmoja. Akasema, "Vunja."

Stoo ya Sisto ilikuwa na meza ya fundi na jiliwa iliyoshika kutu. Fulgenzio alimfuata Olinto mpaka pale akimshika kiwiko. "Elfu tatu na mia tano! Mzee, elfu nne, kama kilivyo, na kasoro yake! Kasoro ndiyo inakipandisha!" Duilio akamshika yeye kiwiko, akamrudisha nyuma. Olinto akakibana kisu kwa ncha, taya za jiliwa zikauma. Akavisha bomba la maji kwenye mpini. Bapa lililolala lingeinama kama mtu anayesalimu, kisha lisimame tena. Akaliegemea taratibu, uzito wa mzee mkavu, kilo hamsini na tisa.

Kilikatika kabla hajamaliza kuegemea. Ti. Ncha ikabaki kwenye jiliwa, safi, kijivu.

Nives akaichomoa mwenyewe. Akaviweka vipande viwili kwenye kitambaa cha jikoni, akafunga fundo. Hakulia, wala hakumtukana. Alisema tu, "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama. Hili mimi silibebi peke yangu."

Si mbali. Kutoka baa ya Sisto mpaka kwa Anselma ni mitaa miwili, mtu mzima hamalizi sigara moja. Olinto alitembea nyuma ya Nives. Kila nyumba aliijua, kila kona aliwahi kuikwepa. Alifikiri: ataniuliza kwa nini. Alijaribu kutafuta jibu, akakuta ndani yake hamna kitu ila tupa ikining'inia ukutani.

Anselma alikuwa jikoni, mbele ya bakuli la viazi, anamenya. Miaka sabini na minane, kapinda mgongo, miwani imefungwa kwa uzi. Akamtazama binti yake, akamtazama aliye nyuma yake, akaendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Olinto we," akasema. "Imekuchukua miaka thelathini na sita kufika kutoka mtaa wa pili. Ulipitia Marekani?"

Nives akafungua fundo mezani. Anselma alipoona vipande, mkono ulioshika kiazi ukashuka.

"Nani alikutuma sandukuni?"

"Nilitaka kumpa Loris, mama."

"Loris!" Akapiga meza kwa kiganja, viazi viwili vikaruka vikabiringika sakafuni. "Loris, kile kile! Mungu wangu, kile kile!" Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Baba yako alijua kabla yangu." Akamtazama Olinto moja kwa moja. "Unadhani mtu wa gurudumu hajui? Viwili vilimkataa. Jiwe linateleza, cheche si za chuma kilicholala. Akavibadilisha kwa viwili vya akiba, akavimaliza hivi na kuvileta nyumbani ndani ya koti, mtu asivione. Akaniambia, thelathini na nane ni salama, nimevipitisha tupa vyote mimi mwenyewe. Hivi viwili vya Olinto nitampa siku akija kunywa divai. Haambiwi mtu kosa lake mbele za wenzake. Sasa kiangazi kile nani alikunywa divai kwa nani?"

Olinto akavua kofia.

"Asubuhi ile walipokuja kumwita alichukua kimoja hapo, kwenye kile kirafu. Nikamwambia, Ermes, hicho si kile kibovu? Akasema, ah, ni cha kukatia kamba tu." Anselma akavua miwani. "Nilimwona akikichukua. Mkono wangu ulikuwa hapa, wake ulikuwa pale. Sikumshika."

Nives alikuwa ameketi, uso umekwama kati ya hao wawili, anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Cha pili nikakitunza, kwa kuwa kilikuwa chako. Nikasema akija nitampa na nitamwambia. Kila siku nikasema kesho. Ukapita ng'ambo ya barabara. Mwanzo nikadhani ni huzuni. Baadaye nikadhani unanichukia mimi, kwamba umejua sikumshika." Akatikisa kichwa. "Ungekuja mwezi wa kumi mwaka ule, Olinto, ningekupigia kelele mpaka madirisha yavunjike. Zilikuwepo hizo kelele, nyingi. Nilizitunza nazo. Sasa nazitafuta, sizioni."

"Anselma," akasema Olinto, na sauti yake ikawa kama ya mtu mwingine, aliye mbali. "Mimi ndimi niliyesema kimelala."

"Nimesikia."

"Kama ningeshika tupa…"

"Kama ningeshika mkono." Akaokota vile vipande, akavilinganisha mkato kwa mkato, vikakutana bila kuacha hata mwanya wa unywele. Akavitenganisha tena. "Askari alileta mpini karakana. Mpini wa kile cha kwanza. Nilisikia tu, mimi hawakunionyesha. Niliuliza jeshini, niliuliza kwa padri, nilimuuliza bwana wenu wa karakana mpaka akafa. Alikuwa kaushika mkononi mwake, Olinto. Kitu cha mwisho. Uliona ulikwenda wapi?"

Olinto alitazama sakafu, pale viazi vilipokuwa.

"Ninao," akasema.

"Ulikuwa nao."

"Ninao. Juu ya kabati. Niliuchukua ili mtu asiuone mkato."

Nives akasimama ghafla, mdomo umejaa neno, lakini mama yake akainua kidole kimoja na neno likarudi lilikotoka. Anselma hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa akitembea muda mrefu akaambiwa bado kilima kimoja.

"Basi kaulete," akasema.

Olinto akatoka. Dirishani Nives alimwona akishuka barabara katikati kabisa, kofia mkononi, na dereva mmoja wa maonyesho akimpigia honi apishe njia, naye hasikii. Anselma akafuta meza kwa kitambaa. Akasogeza bakuli la viazi, akasogeza vile vipande, akaacha mahali padogo tu pa mpini kukaa. Kisha akaweka mikono yake miwili kandokando ya mahali pale, akangoja.